Picha ya Zamani Ndiyo Ghali

Kwenye ukuta wa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa Nduguti imebandikwa picha ninayoipenda kuliko bango lolote. Ni kipande cha mashudu kimeshikwa kwa vidole viwili, na pembeni yake sarafu ya shilingi 200 imesimamishwa kwa ubavu ili unene wa mashudu ulinganishwe na wa sarafu. Chini pameandikwa kwa kalamu nene: "Yakizidi hapa, kaza. Yakiwa membamba na yanatoa moshi, legeza." Hakuna zaidi. Kijana aliyefika jana kutoka Ibaga, ambaye hajawahi kugusa mashine ya kukamua, akisimama mbele ya picha hiyo dakika mbili ameshajua jambo ambalo fundi alijifunza kwa msimu mzima.

Naanza na picha hiyo kwa sababu nimeulizwa swali moja mara nyingi mno na wenye mashine wa wilaya yetu ya Mkalama. Msimu wa kukamua ukikaribia, alizeti zikishavunwa na magunia yakianza kupangwa, hufika mtu na laptopu. Anauza programu ya uzalishaji. Anasema ndani yake kila hatua ya kazi, kuanzia kupokea gunia hadi kufunga kifuniko cha dumu, itakuwa na maelekezo yake, na kila maelekezo yataunganishwa na picha, video, mchoro wa mashine na fomu ya kujaza. Mwenye mashine anatazama kioo kinang'aa, anavutiwa, halafu anajiuliza: nilipe? Nilipe ipi? Au hii simu niliyonayo mkononi inatosha?

Swali lina uzito kuliko lilivyokuwa zamani. Singida, Dodoma na Simiyu ndiyo mikoa ambayo Serikali iliipa kipaumbele cha alizeti mwaka 2021, na mashine za kukamua zimeongezeka kando ya barabara na ndani ya vijiji. Mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, yalihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Anayetaka alama ya ubora kwenye dumu lake sasa anapaswa kuonyesha kwamba mafuta ya leo yametengenezwa sawasawa na ya jana. Kwa mdomo mtupu huwezi kuonyesha hivyo. Unahitaji maelekezo yaliyoandikwa, na kwa kazi ya mashine maandishi bila picha ni nusu ya maelekezo.

Kabla ya bei, niwaeleze kilichonifanya nibadilishe namna ninavyolijibu swali hili.

Msimu uliopita nilikuwa mashineni siku umeme ulipokatika saa nane mchana, chumba cha kukamulia kimejaa. Waliofanya kazi hii wanajua kinachofuata. Alizeti iliyobaki ndani ikipoa inashikana kama saruji, na shafti haizunguki tena. Dawa ni kuwahi: funga hopa, legeza mahali mashudu yanapotokea, zungusha puli kwa mkono kinyumenyume kabla joto halijaondoka. Siku ile hawakuwahi. Ikabidi mashine ifunguliwe yote, vyuma vipigwepigwe, mashudu yaliyoganda yatolewe kwa patasi. Kesho yake asubuhi opereta akaanza kuvirudisha vile vyuma vinavyozunguka chumba cha kukamulia, ambavyo kati yake kuna nafasi nyembamba ya kupenya mafuta. Alikuwa na picha kwenye simu, na alifuata picha kwa uaminifu. Mashine ikawashwa, mafuta yakatoka, lakini yalikuwa mazito kwa tope, na vitambaa vya kuchujia vikaziba kabla ya gunia la tatu kwisha.

"Mama, nimepanga kama picha inavyoonyesha," kijana akasema.

Mwenye kiwanda akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole. "Hii ya lini, mwanangu?"

"Ile aliyoituma fundi, mama."

"Fundi alituma mbili. Hii ni ya kabla hatujabadilisha shafti."

Siku ya pili nayo ikapotea. Wakulima waliokuja na magunia kutoka Gumanga na Kinyangiri walilala mjini au walirudi nayo. Kijana hakukosea hata kidogo; alifanya kile alichoelekezwa na picha. Kosa lilikuwa kwamba picha mbili za kitu kimoja ziliishi pamoja, na hakuna alama iliyomwambia ipi imekufa.

Tangu hapo nikiona njia yoyote ya kuunganisha picha na maelekezo ya kazi, ya bure au ya mamilioni, naiuliza swali hilo hilo: picha ikibadilika, ya zamani inakwenda wapi? Bei zote nitakazotaja hapa zipimwe kwa swali hilo.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Kiwanda kidogo chenye mashine moja na chujio moja kinahitaji kadi kama nane: kupokea na kupima gunia, kupepeta, kuwasha mashine ikiwa baridi, kurekebisha unene wa mashudu, umeme ukikatika, kuchuja, kufungua na kusafisha, kujaza dumu. Chukua kwa makadirio Sh 1,000 kuchapa ukurasa mmoja wa rangi steshenari, na Sh 1,000 kuulamineti. Kadi nane ni Sh 16,000. Katikati ya msimu utabadilisha labda tatu, Sh 6,000. Jumla Sh 22,000 kwa mwaka. Kama steshenari yako inatoza tofauti, badilisha tarakimu, uwiano hautabadilika.

Kadi haili bando, haizimiki, na mafuta yakiirukia unaipangusa kwa tambara. Opereta haitafuti, iko mbele ya macho yake palepale anapoihitaji. Na kwa swali langu, kadi inajibu vizuri kuliko unavyotarajia: kwa kuwa ukuta una nafasi moja, huwezi kubandika mpya bila kubandua ya zamani. Udhaifu wake unaonekana ukiwa na mashine ya pili. Mwenye kiwanda anayeendesha moja Nduguti na nyingine Iguguno atabadilisha kadi ya hapa Jumatatu, na ya kule itakaa wiki tatu ikifundisha makosa. Tena kadi haibebi video, na kuna mambo, kama mlio wa mashine inapozidiwa mzigo, ambayo picha iliyotulia haiwezi kuyasema.

WhatsApp ndiyo njia inayotumika zaidi hapa, hata kwa wasiojua kwamba wanaitumia kama programu ya maelekezo. Fundi anapiga picha, anaituma kwenye kundi la kiwanda, kila mtu anayo. Gharama yake karibu haipo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipofafanua bei za vifurushi mwaka 2022 ilitaja kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Picha ikipita WhatsApp hubanwa, mara nyingi ikabaki na KB mia mbili hivi. Picha nane ni MB 1.6, yaani kati ya shilingi 3 na 15 kwa kila mpokeaji. Hakuna kitu cha bei hiyo sokoni.

Lakini ndiyo njia iliyotupotezea siku mbili. Kundi la WhatsApp ni mto: picha ya leo inasukuma ya jana, na zote zinateremka pamoja na salamu za asubuhi, matangazo ya misiba na picha za harusi. Ukibandika ujumbe juu ya kundi, unadumu siku 30 kwa kiwango cha juu, kisha unashuka. Opereta mpya akiongezwa kwenye kundi, kwa kawaida haoni yaliyotumwa kabla hajaingia. Simu ikijaa na mtu akafuta picha ili apate nafasi, akirudi baada ya miezi anaambiwa faili halipo, amwombe aliyetuma atume tena. Na aliyetuma huenda yuko Katesh anafanya kazi nyingine. Sisemi muiache. Itumieni kwa habari ya leo: mashine imetoa mlio, hii video, fundi sikiliza. Ila maelekezo yanayotakiwa kudumu msimu mzima yasiishi humo. Na kama lazima yapite humo, yatumwe kama hati badala ya picha, ili yasibanwe na herufi ndogo za mchoro zisifutike.

Excel nitaipita upesi. Wako makarani wanaotengeneza jedwali zuri, kila hatua mstari wake, na kwenye safu ya mwisho wanaweka kiungo cha picha. Kwenye kompyuta ya karani kila kitu kinafunguka. Jedwali likinakiliwa kwenye flashi na kupelekwa kompyuta nyingine, viungo vyote vinakufa, kwa sababu vilikuwa vinaelekeza folda iliyo ndani ya ile kompyuta ya kwanza. Ukitaka njia hii, jedwali na picha zikae folda moja na folda nzima ndiyo ihamishwe, kamwe si faili peke yake. Hata hivyo jedwali linakaa ofisini, na kazi iko mashineni.

Sasa njia ambayo mimi naiona inafaa kwa wengi wetu, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndani yake yapo mambo madogo yanayoiharibu.

Unachukua zile kadi nane za ukutani. Picha zake za asili, video zake, na kitabu cha mashine kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vinawekwa kwenye folda moja ya Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure. Kwenye kona ya kila kadi unachapa msimbo wa QR unaofungua faili la hatua hiyo. Misimbo hii ilibuniwa mwaka 1994 na Denso Wave, kampuni ya Japani ya familia ya Toyota, kwa ajili ya kufuatilia vipuri kiwandani. Kwa hiyo tukiibandika kwenye mashine ya alizeti tunairudisha nyumbani kwake. Opereta anayetosheka na kadi hahitaji kuskani. Anayetaka kuona video ya namna puli inavyozungushwa kinyume anaelekeza simu, inafunguka.

Hesabu ya bando: picha ya simu isiyobanwa ina kama MB 3. Ikifunguliwa mara tano kwa siku, siku 26 za kazi, ni MB 390 kwa mwezi, yaani kati ya Sh 792 na Sh 3,647 kwa zile bei za TCRA. Ukiipunguza ukubwa hadi KB 300 kabla ya kuipandisha, ambayo bado inasomeka vizuri kwenye simu, gharama inashuka hadi kati ya Sh 79 na Sh 365. Simu ya kukaa mashineni, tuseme Sh 250,000. Ikijumlishwa na kadi, mwaka wa kwanza hauzidi Sh 275,000, na mwaka wa pili unarudi kwenye elfu ishirini na kitu.

Mitego ni mitatu. Wa kwanza ni msimbo wenyewe. Kuna tovuti zinazotengeneza msimbo wa bure ambao kwa kweli unapitia kwao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha, unakufa, na wewe umeshalamineti kadi nane. Tengeneza msimbo wa kawaida unaobeba kiungo chenyewe moja kwa moja. Huo hauna mwisho, maana ni maandishi yaliyochorwa tu.

Mtego wa pili ni akaunti. Nimeona folda nzuri kabisa iliyotengenezwa kwa barua pepe binafsi ya karani. Karani alipoondoka kwa amani tu, akaenda kuolewa Babati, akabadilisha simu na kusahau nywila, kiwanda kikabaki na misimbo inayosema "omba ruhusa". Akaunti iwe ya kiwanda, nywila iandikwe kwenye daftari la mwenye mali, na namba ya simu ya kurejeshea iwe yake. Tena ifunguliwe mara kwa mara hata msimu ukiwa umefungwa: tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili.

Mtego wa tatu ndio unaorudi kwenye swali langu. Watu wengi, picha ikibadilika, hupandisha mpya kando ya zamani. Sasa folda ina "kupanga vyuma", "kupanga vyuma 2" na "kupanga vyuma mpya kabisa", na msimbo ukutani bado unafungua ya kwanza. Drive ina sehemu ya kudhibiti matoleo ndani ya faili lile lile. Ukipandisha picha mpya kupitia hapo, kiungo hakibadiliki, msimbo ukutani hauhitaji kuchapwa upya, na anayeskani anaiona mpya tu. Ya zamani inahifadhiwa nyuma kwa siku 30, kisha inaondoka yenyewe. Ni jambo la kubofya mara tatu, halilipiwi, na sijakutana na muuzaji yeyote wa programu aliyelitaja.

Sasa twende kwenye programu zenyewe.

Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazoendesha biashara nzima: stoo, mauzo, hesabu na uzalishaji ndani yake. Mbili zinazotajwa sana ni Odoo, iliyoanzia Ubelgiji, na ERPNext, iliyotengenezwa na Frappe ya Mumbai nchini India. ERPNext ni huria yote, na Odoo ina toleo huria. Maana yake leseni haikugharimu kitu, unalipia mahali pa kuiweka na mtu wa kuipanga. ERPNext inataka seva yenye RAM ya GB 4. Ukikodi ya ukubwa huo kwa DigitalOcean bei ya orodha ni dola 24 kwa mwezi, dola 288 kwa mwaka. Kwa kukadiria dola moja Sh 2,500, hizo ni Sh 720,000. Ongeza simu ya mashineni na umekaribia milioni moja kabla hujamlipa fundi wa kompyuta, ambaye malipo yake ndiyo makubwa kuliko yote na ndiyo yasiyoandikwa kwenye tangazo.

Kuna njia ya kupunguza: kuiweka kwenye kompyuta ya mezani palepale kiwandani, simu zikaifikia kwa ruta bila intaneti. Bando linaondoka kabisa. Lakini umeme ukikatika, na huo ndio wakati kadi ya "umeme ukikatika" inahitajika, maelekezo nayo yamezimika. Nadhani mnaona kwa nini sikubali karatasi ibanduliwe ukutani hata siku moja.

Katika Odoo kila hatua ya uzalishaji inaweza kubeba maelekezo kwa njia tatu: PDF unayoipandisha, kiungo cha Google Slides, au maandishi matupu. Wengi huchagua PDF kwa sababu ndiyo wanayoijua. Fikirini tofauti yake. PDF ni nakala. Ukiiweka kwenye hatua ya kukamua ya mafuta ya dumu la lita 5, ukaiweka tena kwenye la lita 10 na la lita 20, una nakala tatu, na siku ya kubadilisha utazikumbuka mbili. Slaidi ni kiungo: inaishi mahali pamoja, ukiirekebisha inabadilika kokote ilikoitwa. Upungufu wake ni kwamba bila intaneti haifunguki. Hapo ndipo mnunuzi achague kwa macho mawili: maelekezo yasiyobadilika mara kwa mara, kama kitabu cha mashine, yawe nakala, yanayobadilika kila fundi anapokuja, yawe kiungo.

Katika ERPNext karibu kila hati ina mahali pembeni pa kubandika faili, na urahisi huo ndio unaopotosha. Mtu anabandika picha kwenye fomula ya bidhaa ofisini, anaridhika. Opereta haifungui fomula. Anafungua kadi ya kazi ya siku hiyo. Kabla ya kulipa senti, ingia kwa akaunti ya opereta, kwa simu ya opereta, ufungue kazi ya kukamua, uone kama picha ipo mbele yako au inakutaka uitafute milango mitatu nyuma.

Na hapa ndipo penye uamuzi ambao hakuna programu itakayokufanyia: picha unaining'iniza wapi? Ukiining'iniza kwenye bidhaa, itarudiwa kwa kila ujazo wa dumu. Ukiining'iniza kwenye agizo la siku, itapotea na agizo. Kwa mashine za alizeti jibu langu ni kwamba picha nyingi ni za mashine na za hatua, si za bidhaa. Unene wa mashudu hauangalii kama mafuta yanaenda dumu la lita 5 au la 20. Ining'inize kwenye hatua, mara moja. Picha ya lebo na ya kifuniko tu ndiyo iende kwenye bidhaa.

Aina ya pili ni programu zilizotengenezwa kwa maelekezo ya kazi peke yake. Dozuki ya Marekani ilizaliwa na watu wa iFixit, wale wenye miongozo ya bure ya kufungua simu na kompyuta hatua kwa hatua kwa picha. Tulip ilitoka chuo cha MIT. Ni nzuri kweli. Toleo likibadilika, la zamani linafungwa, na opereta anatakiwa athibitishe kwamba amesoma jipya. Swali langu limejibiwa kikamilifu. Lakini programu za namna hii hutozwa kwa mtumiaji au kwa kituo cha kazi, kila mwezi, kwa dola. Ukikutana na yoyote inayotaka dola 20 kwa mtumiaji, ukiwa na watu wanne, mwaka mzima ni dola 960, Sh 2,400,000. Na mwezi wa Januari unalipa, wakati alizeti ndiyo kwanza imechipua shambani na mashine imefunikwa turubai. Kiwanda cha msimu kisisaini mkataba wa mwaka. Kama muuzaji hakubali kusimamisha malipo miezi ambayo hakuna kazi, bei yake halisi kwako ni karibu mara mbili ya aliyoitaja.

Kuna gharama moja iliyo sawa katika njia zote, ya Sh 22,000 na ya milioni mbili na nusu: siku ya fundi na mtu mwenye simu nzuri kukaa mashineni kupiga picha zinazofundisha. Msiipunguze hapo. Jedwali zuri la kuanzia ni la zamani sana. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ililazimika kuwafundisha haraka wafanyakazi wapya wa viwandani, na mpango wao wa mafunzo uligawa karatasi katika safu mbili: hatua na jambo la kuangalia. Baada ya vita Wajapani waliuchukua na kuukuza, na baadaye ikaongezwa safu ya tatu: sababu. Safu ya tatu ndiyo tunayoiruka. Andika "legeza mahali pa kutokea mashudu", halafu andika kwa nini: "yasije yakaganda ndani". Opereta anayejua sababu, hata picha isipofanana na mashine yake, atashtuka kabla ya kukaza.

Picha ipigwe kutoka anaposimama opereta. Picha iliyopigwa kutoka upande wa pili inageuza kulia kuwa kushoto, na kwenye kukaza nati hilo ni jambo kubwa. Kila picha iwe na kitu cha kupimia: sarafu, kidole, chupa ya nusu lita. Ioneshe mikono, isioneshe sura. Kwanza sura haifundishi kitu, pili Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake, na kijana akihama hana sababu ya kubaki kwenye ukuta wako. Maneno yawe machache. Mashineni hapa utasikia Kinyiramba, Kinyisanzu, Kisukuma na Kinyaturu ndani ya saa moja, na si wote wanaosoma Kiswahili kwa wepesi. Mshale mwekundu unasomwa na wote.

Vitabu vya mashine navyo vipigwe picha vyote, hasa ule ukurasa wenye mashine iliyofumuliwa na kila kipuri kikiwa na namba. Mashine zetu nyingi ni za Kichina, na jina la kipuri Nduguti silo jina lake Singida mjini wala Dar es Salaam. Ukituma namba ya mchoro pamoja na picha ya kipuri kilichochakaa kikiwa juu ya rula, unaletewa unachokitaka. Bila hivyo utalipa nauli ya kipuri mara mbili.

Ushauri wangu, basi. Mwenye mashine moja, watu wasiozidi watano: kadi ukutani, folda moja, misimbo ya kawaida, akaunti ya kiwanda. Msinunue programu. Mwenye mashine mbili au zaidi, au anayefungasha kwa lebo yake na anatafuta alama ya TBS: ERPNext au Odoo huria inaanza kuwa na maana, lakini si kwa ajili ya picha, ni kwa ajili ya kujua gunia lipi limeingia dumu lipi. Picha ziendelee kukaa kwenye folda ileile, programu izielekee kwa kiungo. Anzeni kwa kupita ofisi ya SIDO Singida kabla ya kumlipa mtu binafsi. Shirika hilo liko kwa ajili ya viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na kuuliza hakutozwi. Hizo za dola kwa kila mtumiaji ziacheni mpaka muwe na zamu mbili na meneja wa ubora anayelipwa mshahara.

Na kabla ya kulipa chochote, mfanyieni muuzaji jaribio hili. Mpelekeni mashineni, si ofisini. Zimeni data. Mpeni opereta mwenye mafuta vidoleni simu, mwambieni afungue maelekezo ya umeme ukikatika. Halafu mwombeni muuzaji abadilishe picha moja mbele yenu, kisha mtafute ile ya zamani kila mahali inapoweza kujificha: kwenye simu, kwenye kadi ya kazi, kwenye PDF iliyochapwa wiki iliyopita. Hesabuni mlizozikuta.

Kule kwenye kiwanda cha mama, baada ya zile siku mbili, kadi ya kupanga vyuma ilichapwa upya. Kwenye kona pana maandishi madogo: kadi namba 7, toleo la 3, tarehe, jina la kazi ya aliyeithibitisha. Ya zamani mama hakuitupa jalalani. Aliikata katikati kwa mkasi mbele ya vijana wote wanne, kisha akawaomba simu zao, moja baada ya nyingine, wakaifuta ile picha pamoja.